Tupeane uzoefu: sera za kazi zinazojali familia vyuoni zinatekelezwaje?

Ndugu wanataaluma na watumishi wa vyuo vikuu, naomba tupeane uzoefu kuhusu sera hizi, kwa kuwa yaliyomo kwenye kanuni za utumishi na yanayoamuliwa idarani mara nyingi hayafanani. Nilipokuwa likizo ya uzazi, vipindi vyangu alipewa mwenzangu, lakini wanafunzi wangu wa uzamili hawakupewa msimamizi mwingine, hivyo niliendelea kusoma sura za tasnifu zao kila mtoto alipolala. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo hiyo isipungue wiki 14, na unampa mama anayenyonyesha mapumziko ya kila siku, au kupunguziwa saa za kazi, bila kukatwa mshahara. Wiki zinahesabika, kazi isiyo na ratiba, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya mhadhiri, haihesabiki. Wenzangu mlifanyaje?

Ofisa udahili: Mhadhiri anaweza angalau kusahihisha mitihani nyumbani usiku (sisemi kwamba ni raha). Sisi wa dirishani hatuna nafasi hiyo, na msimu wa usajili ukifika ruhusa husahaulika kabisa. Sera yetu ya saa za kazi zinazobadilika inasema "kadiri kazi itakavyoruhusu", maneno ambayo sijawahi kuona yakitumika isipokuwa kumnyima mtu. Hatimaye tulijipangia zamu wenyewe, anayeingia mapema atoke mapema, tukaiwasilisha kwa maandishi. Ilikubaliwa kwa sababu ilionyesha wazi kwamba dirisha halitabaki tupu hata saa moja.

Fundi maabara: Mimi namuuguza mzazi. Mkataba Na. 156 wa Shirika hilohilo la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unawataja wafanyakazi wa kiume na wa kike wenye majukumu kwa watoto na kwa ndugu wengine wa karibu wanaowategemea, ilhali kanuni zetu zinapotaja familia humaanisha mtoto mchanga tu. Siku za kliniki nazitoa kwenye likizo yangu ya mwaka.

Mhadhiri mwandamizi: Chuo chetu kinaruhusu mwaka wa malezi usihesabiwe katika muda wa kufikisha machapisho ya kupandishwa cheo. Hata hivyo, kamati hubadilika, na mjumbe mpya huona pengo bila kujua chanzo chake. Ombeni barua rasmi iwekwe kwenye jalada kabla likizo haijaanza.

Mwanzisha mada: Nashukuru. Je, barua hiyo inagusa pia usimamizi wa tasnifu?

Mhadhiri mwandamizi: Hapana, ni machapisho tu. Kwa wanafunzi niliandikiana na mwenzangu kwamba angekuwa msimamizi mwenza hadi nirejee, mkuu wa idara akasaini, na wanafunzi wenyewe wakapewa nakala ili wasinitafute mimi.