Django, Laravel au Alembic: ipi inajua vizuri maigresheni zipi zimeshapita?

mfua_kodi: Wakuu habari za usiku. Tuko watatu tunajenga mfumo wa michango ya vikundi, kwa Django (fremuweki ya Python) na databesi ya PostgreSQL. Juzi mwenzetu kaingia kwenye seva akaongeza kolamu kwa mkono ili mteja asikae anasubiri, sasa faili la maigresheni (lile lenye mabadiliko ya muundo wa databesi) limefika linagoma, linasema kolamu ipo tayari. Kabla hatujaenda mbali nauliza, tukihamia Laravel ya PHP, au Flask ya Python yenye Alembic ya kuendesha maigresheni, tutapona na hili? Ipi inajua kwa uhakika nini kimepita na nini bado?

tebo_kwa_tebo: Zote zinaandika kwenye tebo ndani ya databesi yenyewe, tofauti ni kinachoandikwa. Fungua django_migrations utakuta app, name na applied, yaani jina la app (kipande cha mradi), jina la faili na saa lilipopita. Laravel tebo inaitwa migrations, ina jina la faili na batch, na hiyo batch ndo naipendea, mafaili matano yakipita kwa mpigo mmoja yanapewa namba moja halafu ukipiga migrate:rollback yanarudi yote matano. Django unataja mwenyewe unarudi mpaka faili gani.

bint_seva: Alembic haiweki orodha kabisa. Tebo yake alembic_version ina kolamu moja tu, version_num, inasema uko wapi sasa hivi basi. Njia uliyopita anaisoma kwenye mafaili, kila faili lina down_revision inayotaja lililotangulia. Kwa hiyo mtu akifuta faili la zamani mnyororo unakatika na databesi haina cha kukukumbusha. Mimi naitumia kila siku na naipenda ila hapo lazima git, inayotunza historia ya kodi, iwe safi.

tebo_kwa_tebo: Na wawili wakitengeneza maigresheni kwenye brenchi mbili, kila mmoja na nakala yake ya kodi?

bint_seva: Alembic na Django zote zinakataa mpaka uziunganishe, Django ni makemigrations --merge. Laravel haiulizi, inafuata tarehe iliyoko kwenye jina la faili na inaendesha lolote ambalo halimo kwenye tebo, hata kama ni la nyuma.

mzee_wa_bakapu: Mfua_kodi, kuhama hakutakusaidia. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayoiangalia databesi ilivyo kabla ya kuendesha faili, zinaamini tebo yao tu. Hata faili lililokwisha pita ukiligeuza ndani hazishtuki, Django inalinganisha majina. Anayeshtuka ni Flyway, zana nyingine ya maigresheni, maana anaweka cheksamu (namba inayokokotolewa kutoka yaliyomo) ya kila faili kwenye flyway_schema_history, isipolingana anasimama. Shukuru pia mko PostgreSQL, maigresheni ikifa katikati inarudisha kila kitu. Nilishafanya kazi sehemu wanatumia MySQL, faili lilikuwa na tebo tatu likafia kwenye ya tatu, mbili zikabaki na kumbukumbu haikuandikwa, tukakesha mpaka alfajiri tunafuta kwa mkono huku watu asubuhi wanataka kulipa.

mfua_kodi: Asante mzee, sasa hili la juzi nalitatuaje? Nimeona kuna --fake, ya kuandika kwamba faili limepita bila kuliendesha

mzee_wa_bakapu: Ipo ila taratibu. Ukiandika migrate michango --fake bila namba, inaandika mafaili YOTE ya hiyo app kwamba yamepita, hata ambayo hayajagusa databesi. Taja namba. Na kabla ya hapo piga sqlmigrate michango 0007 usome faili linataka kufanya nini hasa, maana mwenzenu kaongeza kolamu lakini je faili lina kolamu peke yake? Ukifeki unafeki lote.

bint_seva: Kweli kabisa. Kwa Alembic ni stamp na tahadhari ni hiyo hiyo.

mfua_kodi: Nimesoma, mna haki. Ndani ya 0007 kuna kolamu ya tarehe_malipo na indeksi yake (ya kuharakisha utafutaji), indeksi hajaiweka. Na kolamu alifanya NOT NULL (isikubali tupu) wakati modeli inaruhusu tupu. Kuifuta siwezi, ina malipo ya siku mbili. Nimechukua bakapu, nikaondoa NOT NULL, nikaweka indeksi kwa ile SQL ya sqlmigrate, ndo nikapiga migrate michango 0007 --fake. showmigrations inaonyesha [X], yaani limepita, na 0008 imepita yenyewe bila kelele. Tunabaki Django, na nenosiri la databesi ya seva nimeshalibadilisha.