Mrejesho: Prado imeshanyanyuliwa

Wakuu, niliuliza gereji ipi Arusha inifungie springi za kunyanyua Prado inchi 2 kwa safari za Ziwa Natron. Asanteni sana.

Gereji ya bei rahisi walitaka kuweka spesa (vipande vya kuongezea kimo) tu juu ya springi zilezile zilizochoka. Alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu? Eti haina haja. Nikaondoka.

Fundi wa pili aliuliza kwanza nabeba mzigo kiasi gani, ndipo akachagua springi na shokapu. Bolti za bushi (raba za kwenye maungio ya chini ya gari) alizikaza gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia, raba hujipinda na kuchanika mapema. Hapo ndipo aliponiteka kabisa. Kisha alaimenti, na mwanga wa taa za mbele akaushusha, maana gari limepanda.

Nimeshapita makorongo ya Engaruka, usukani umenyooka. Jumatatu narudi akague bolti tena.