Tupeane uzoefu: kama Mungu alishajua, wewe ulichagua nini?

Wana jamvi, wakubwa shikamooni. Niko Mwanza, nauza dagaa mwaloni Kirumba. Naomba waliopitia hili waandike yaliyowapata wenyewe, mahubiri nimeshasikia mengi.

Mwaka juzi, kipindi cha giza (sisi wa dagaa tunavua mwezi usipokuwepo, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala), mdogo wangu aliingia ziwani na wenzake watatu. Jaketi okozi nne zilikuwa stoo. Nilizifungia mimi, nikihofia zitachakaa. Alfajiri upepo ukachafuka. Walirudi watatu.

Msibani kila aliyenipa mkono alisema: siku yake ilifika, Mungu alishajua tangu kuwekwa misingi ya ulimwengu. Naamini anajua. Ila ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Kama alijua tangu milele kwamba sitaufungua ule mlango, ningeweza kuufungua? Na kama nisingeweza, mbona moyo unanisuta?

Katekista, Nansio
Pole sana kaka. Huku Ukerewe tulizika wengi MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, 20 Septemba 2018. Walikufa zaidi ya watu 220 kwenye kivuko cha kubeba 101. Makaburini nilisema "imeandikwa" mpaka mama mmoja akaniuliza: na kuhesabu abiria, nako kuliandikwa kusifanyike? Sikulala.

Aliyenisaidia ni Boethius, Mrumi wa karne ya 6, aliyeandika akiwa kifungoni kabla ya kuuawa. Anasema jana na kesho zote ziko mbele ya Mungu kwa mara moja. Panda kilima cha Capri Point, utauona mtumbwi unaotoka na unaoingia. Jicho lako halipigi kasia.

Mleta mada
Asante katekista. Lakini wa kilimani anaona sasa hivi. Mungu alijua hata kabla babu yangu hajazaliwa, na jana haibadiliki. Hapo ndipo panaponibana.

Katekista, Nansio
Hiyo "jana" ni yetu sisi tunaohesabu siku, kaka.

Mdau, Mabatini
Assalaam alaykum. Mzee wangu alikataa dawa za kisukari, akisema ni kadari. Sheikhe akamkumbusha Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipogeuza msafara baada ya kusikia kuna tauni Sham, upande wa Syria. Swahaba Abu Ubayda akamuuliza: unakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akajibu: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Mzee akanyamaza siku nzima. Jioni akaomba maji, akameza kidonge. Aliishi miaka 6 zaidi.

Dada wa Igoma
Mimi nabii mmoja aliniambia nitaachika kabla ya mwaka kuisha. Nikaanza kufungasha moyoni, mume nikamnunia bure. Mama akanifungulia Samweli wa Kwanza 23. Daudi yuko mji wa Keila, Mfalme Sauli anamwinda. Anauliza, watu wa Keila watanitoa mkononi mwa Sauli? Bwana anajibu, watakutoa. Daudi akaondoka, hakutolewa. Kumbe Mungu anajua hata lile ambalo halikutokea. Tunaishi pamoja, tuna mtoto wa pili.

Mleta mada
Dada, Keila imeniingia. Basi Mungu anaujua pia usiku ule ambao nimefungua mlango na mdogo wangu akarudi. Inaniuma kuliko yote niliyosoma hapa, na ndiyo ninayoiamini. Msiniambie tena ilipangwa. Niacheni nitubu.

Usiku wa leo ni giza. Jaketi ziko mtumbwini, na stoo nimeing'oa kufuli. Mwingine aliyepitia aandike, nitasoma nikirudi mwaloni.