Eti "nenda kacheze bao la kete"! Huyu bwana wa farasi ishirini sasa amezidi

MzeeWaManati:

Wakuu, jina sitaji. Hakuna haja, mnamjua. Yule wa farasi ishirini. Yule ambaye ukimuuliza saa ngapi atakujibu "inategemea una farasi wangapi".

Leo kwenye uzi wa maswali limeulizwa jambo la kistaarabu kabisa. Mchezo wa kompyuta wa kujenga na kuteka dola, Civilization IV, na nyongeza ya Beyond the Sword juu yake, mtu anatafuta ushindi wa kuteka, ule wa kuwafuta wapinzani wote, siyo ule wa asilimia ya ardhi. Je, aondoke na manati mangapi (ile mitambo ya kurusha mawe) kwenda kwenye mji mkuu ulio kilimani? Swali la idadi. Jibu lake ni namba. Bwana mkubwa akajibu, na hapa siongezi hata nukta: "Manati ni ya waoga. Farasi ishirini, unagonga, unaingia. Ukishindwa nenda kacheze bao la kete."

Bao la kete!

Haya, tuwahesabu hao farasi polepole ili hata yeye afuate. Mpiga mishale wa farasi mmoja ni nyundo 50, nyundo ndiyo kipimo cha kazi ya kujenga. Ishirini ni nyundo 1,000. Kwa nyundo elfu unajenga mahakama nane na chenji inabaki. Nguvu yake 6. Ndani ya mji amekaa askari wa upinde mrefu, nguvu 6 vilevile. Mtasema droo? Ongezeni ulinzi unaotokana na utamaduni wa mji, 60%. Huyo wa upinde anapewa 25% kwa kulinda mji na 25% nyingine kwa kuwa kilimani. Kilima chenyewe 25%. Akishatulia zamu tano bila kuguswa, 25% tena. Jumla 160%, kwa hiyo sita yake inapigana kama 15.6. Unampeleka farasi wa 6 kwa mtu wa 15.6! Huyo siyo askari tena, ni kitoweo. Na hapo kuta za mawe bado hazijajengwa, na farasi hapewi cheo cha Mvamizi wa Mji, kile cha nguvu za ziada za kushambulia miji, hata umlee kwa maziwa.

Nenda kacheze bao la kete, anasema.

Manati moja ni nyundo 50 zilezile. Kila moja linashusha ulinzi wa mji 8% kwa zamu, kwa hiyo manati 8 wanamaliza ile 60% kwa zamu moja, manati 4 kwa zamu mbili. Kukiwa na kuta za mawe ongeza zamu, maana kuta zinapunguza makali ya kila jiwe. Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu: ulinzi ukisoma sifuri wanamwaga panga moja kwa moja. Sifuri ni ya mji tu! Mwenye upinde bado ana 100% zake za mji, kilima na kujikita. Bado ni 12. Kwanza unatoa kafara manati mawili au matatu yagonge yenyewe, yafie mlangoni. Kila pigo linajeruhi na wale waliojibanza nyuma, mpaka nusu ya afya zao. Ndipo unaingiza askari wa upanga mwenye Mvamizi wa Mji daraja la pili: ana 10% yake ya kuzaliwa, 20% ya daraja la kwanza, 25% ya la pili, na hizo 55% zinakatwa kwenye bonasi za mlinzi. Mlinzi anabaki 8.7, na kwa afya nusu anapigana kama 4.35. Wewe una 6. Umeingia.

Hayo ndiyo majibu. Mistari kumi. Yeye katoa mstari mmoja na tusi. Mchezo wenyewe toleo hili la 2005 ukifungua tu unapokelewa na wimbo wa Kiswahili, halafu Mswahili mwenzio anakufukuza akakutuma barazani ukacheze bao. BAO LA KETE, wakuu. Mbele ya wageni.

Shoka_Tatu:

Pole mkuu. Kwa urefu huu naona farasi walikuingia mpaka sebuleni.

BintiGaleoni:

"Umlee kwa maziwa" 😂😂 nimekufa.

Shoka_Tatu:

Ila tuwe wakweli, yule bwana hajakosea moja kwa moja. Kabla ya teknolojia ya Ukabaila kugunduliwa hakuna pinde ndefu. Mlinzi ni mpiga mishale wa kawaida, nguvu 3. Mji wa tambarare wenye utamaduni wa 20%: 3 yake, 50% ya kulinda mji, 20% ya utamaduni, 25% ya kutulia, inafika 5.85. Farasi 6 dhidi ya 5.85, na anatembea hatua mbili kwa zamu. Ukiwahi, hata farasi kumi wanafuta jirani mzima kabla manati yako hayajavuka mto. Manati yanatembea kama bibi harusi.

MzeeWaManati:

Swali lilisema KILIMA. Lilisema MJI MKUU. Soma.

Shoka_Tatu:

Nimesoma. Na mikuki je? Akiwemo mkuki mmoja tu ndani, ana 100% dhidi ya farasi, safari imeishia hapo. Kwa hiyo wote mko sahihi, laleni.

Jemedari wa Kwale:

Mleta mada mbona husemi kitu cha maana zaidi kuhusu manati: hayana wa kuyalinda. Farasi wa adui wakishambulia rundo lako, yaani askari wako wanaotembea pamoja, wakashinda, wanayajeruhi manati yaliyo ndani yake kwa ubavuni. Rundo la manati 8 lisitoke nyumbani bila mikuki miwili na shoka moja, na zamu liimalizie msituni au kilimani, kamwe siyo uwandani. Na usishambulie kutoka ng'ambo ya mto, utakatwa. Haya hayapo kwenye mistari yako kumi.

MzeeWaManati:

Nilikuwa na hasira.

Kete64:

Samahanini, napita tu. Hilo tusi ni lipi hasa? Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na halina bahati nasibu hata chembe. Mchezo wenu kompyuta inarusha sarafu kila askari akigongana na mwenzake. Mtu akikutuma kwenye bao amekupandisha cheo.

BintiGaleoni:

Ameanza.

Mtoza Kodi:

Mimi hasira zangu siyo farasi wala manati, ni gharama. Kila anayefundisha kuteka anaishia kwenye lango la mji. Baada ya kuingia? Mji unaasi zamu kadhaa, haukupi kitu, na gharama ya matunzo inapanda kwa idadi ya miji na kwa umbali kutoka mji mkuu wako. Ukiteka sita mfululizo hazina inasoma hasi, unashusha matumizi ya utafiti mpaka sifuri, na wenye bunduki wanakukuta na panga. Vijiji visivyo na rasilimali CHOMA. Vinavyobaki, jengo la kwanza mahakama, linakata matunzo nusu. Nyundo 120 ni nyingi kwa mji uliotoka kuasi, ndiyo maana wenye sera ya Utumwa wanachapa kiboko, mtu mmoja wa mji ni nyundo 30. Mji utanung'unika zamu kumi. Unung'unike.

Jemedari wa Kwale:

Au usiteke yote. Tangu nyongeza ya Warlords kuna vibaraka. Mpige mpaka asalimu amri, mpokee, na kwenye ushindi wa kuteka anahesabika kuwa ameshindwa. Miji yake anaihudumia mwenyewe. Watu wanachoma miji 12 ya mtu ambaye baada ya mitatu tu angepiga magoti.

Shoka_Tatu:

Mwambie hivyo yule bwana, atakuambia kibaraka ni wa waoga 😂

MzeeWaManati:

Ndiyo atasema hivyohivyo! Na atamalizia na bao la kete!

BintiGaleoni:

Nyote mnalia na vilima. Kinachoudhi kuliko vyote ni kile kijiji cha mwisho. Umemaliza bara zima, unabonyeza F8 kuangalia ushindi, kumbe kuna mpinzani amebakiza mji mmoja wa watu wawili, kwenye kisiwa cha barafu kaskazini, una samaki mmoja na kulungu mmoja. Ushindi hauji mpaka ufike huko. Galeoni inabeba askari watatu tu. Ukishambulia kutoka majini moja kwa moja unakatwa nusu ya nguvu, isipokuwa askari mwenye cheo cha kupigana kutoka majini. Kwa hiyo galeoni tatu: sita wa kupigana, wawili wa kulinda wengine wakishuka, na mmoja tabibu. Frigeti mbili zitangulie kubomoa ulinzi ili usihangaike kubeba mizinga. Zianze safari wakati vita vya bara bado vinaendelea! Watu wanazikumbuka mwisho, wanakaa zamu 20 wakisubiri mashua.

Mtoza Kodi:

Na wakati wanasubiri, uchovu wa vita unakula miji yao. Jela kila mji mkubwa, zinaupunguza.

Upinde wa Mali:

Kijiji cha barafu ni afadhali. Jaribu kumfuta Mansa Musa, mtawala wa Mali, mapema. Wapiga mishale wake wa kipekee wana nguvu 4 badala ya 3, wanaanza kupiga kabla hujamfikia, na ukichelewa kidogo amekuzidi utafiti wa karne nzima. Ukiwa na jirani huyo, shoka zitoke mapema sana au umsubiri kwa mizinga inayokuja na teknolojia ya Feleji. Hapo katikati ni makaburi.

Shoka_Tatu:

Sitting Bull, yule kiongozi wa Wenyeji wa Amerika, je? Kila mwenye upinde wake anazaliwa na cheo cha kulinda mji. Ukimgusa unajuta.

Upinde wa Mali:

Usimtaje huyo usiku.

Jemedari wa Kwale:

Naona yule bwana mwenyewe amegonga laiki kwenye mada. Hajaandika neno.

MzeeWaManati:

Laiki ya nini?? Ya dharau?? Mnaona sasa?

Kete64:

Nimalizie hoja yangu. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba, lile shimo kuu, na 22 mkononi. Hakuna matunzo, hakuna barafu, hakuna galeoni. Ukimaliza safu ya mbele ya mwenzio umeshinda. Huo ndio ushindi wa kuteka.

Babu wa Baraza:

Mwanangu Kete64, umesahau kwamba anaweza pia kufungwa kwa kukosa pa kucheza. Na hiyo nyumba, wengi wanaiharibu kwenye namua, awamu ya kuingiza kete za mkononi. Kete zikiishia nyumbani baada ya kula, una hiari: simama au isafirishe, yaani uzichote uendelee kuzisambaza. Vijana wanaisafirisha mapema kwa pupa, wanafika mtaji, awamu ya pili, hawana akiba.

Kete64:

Shikamoo mzee. Lakini ukiitunza sana si mwenzio anaivizia aile nzima?

Babu wa Baraza:

Marahaba. Ndiyo maana unaangalia shimo linalotazamana nayo. Hawezi kuila nyumba yako kama kete yake ya mwisho haiangukii shimo lenye kete upande wake. Mnyime hilo shimo.

Shoka_Tatu:

Ngoja, hii inafanana na kumnyima adui kilima kinachotazama mji.

BintiGaleoni:

Babu, namua inaisha lini hasa? Kete zote 22 zikiisha mkononi?

Babu wa Baraza:

Zikiisha za wote wawili, binti yangu. Hapo ndipo mtaji unaanza, na shimo lenye kete moja tu huruhusiwi kuanzia.

MzeeWaManati:

Jamani. Manati.

Msimamizi:

Uzi huu umehamishiwa jukwaa la Michezo ya Jadi.