Mrejesho: Baba baada ya kuondolewa kisanduku cha sauti
Niliuliza tufanyeje na makohozi yanayoganda kwenye tundu la shingoni ambalo baba analitumia kupumua sasa. Asanteni, kitambaa cha pamba chenye unyevu mbele ya tundu ndicho kilichosaidia. Hewa haipiti tena puani, kwa hiyo ilikuwa inaingia kavu na vumbi lake. Akioga, hajimwagii maji juu ya kifua, yasije yakaingia tunduni. Harufu ndiyo hasikii kabisa. Juzi maharage yameungua na yeye kakaa pembeni ya jiko! Kuongea anabana kifaa cha betri shingoni kinachomtolea sauti, sauti kama roboti, wajukuu wanagombania kukishika. Nimemwandikia na kadi ya mfukoni: akizidiwa, apewe hewa shingoni, siyo mdomoni. Ila kijiweni kwenye kahawa bado hataki kurudi, na simlazimishi.