Naomba ushauri: nataka kumpeleka mzee wangu Ziwa Natron na gari ya Noah, kule kuna nini hasa?

Mangi wa Kibosho:
Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mi niko Moshi, nina mzee wangu ana miaka 71, maisha yake yote ni kahawa, migomba na kanisa, kwa upande huo wa kwenu hajawahi kuvuka Arusha mjini hata siku moja. Juzi kaona kwenye tivii ule mlima unaotema moto, Ol Doinyo Lengai, akaanza kuniuliza maswali mpaka nikaona aibu, majibu sina. Sasa nimejichanga kidogo, sio hela ya kushuka kreta ya Ngorongoro hapana, ni ya mafuta na kulala siku mbili, nataka nimtoe yeye na mama na madogo wawili twende mpaka Ziwa Natron. Gari ni Noah, ni four-wheel ila iko chini. Tatizo mke wangu anasema nawapeleka wazee jangwani wakaangalie vumbi na mbuzi, na jamaa yangu hapa kazini alienda mwaka jana anadai hakuona flamingo hata wa dawa. Noah inafika? Hao flamingo wapo au ni picha za zamani? Mlima ni salama? Alafu zaidi ya hapo kule kuna nini, maana nikiangalia ramani naona patupu.

Chalii wa Unga Ltd:
Noah inafika mangi. Kurudi ndo shughuli 😂

Ngoja nikupe yangu. Tulienda machalii wanne na Noah kama hiyo yako, kufika korongo moja kabla ya Engaresero, kile kijiji cha karibu na ziwa, nikaona mchanga nikasema huu napita na moto. Kumbe ule sio mchanga bana, ni majivu ya mlima, laini kama unga wa sembe, ukikanyaga mguu unazama mpaka kifundo. Gari likalala tumbo. Mi si dereva wa mjini, nikazidi kukanyaga mafuta, nalo likazidi kuzama, vumbi likaingia mpaka kwenye dashibodi. Kuna layoni mmoja, katoto ka Kimasai kachungaji, alikuwa na mbuzi zake pale juu ya kingo, kadogo tu, katuangalia kama robo saa hivi kimya, sisi tunachimba kwa sufuria. Mwisho akauliza kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "mbona hamtoi upepo?" Tukabaki tunaangaliana. Akashuka, akavunja mwiba wa mgunga, akapiga magoti kwenye tairi la nyuma akaanza kubonyeza valvu, psss, tairi moja baada ya jingine, anasikilizia kama anampima mtu mapigo ya moyo. Tulivotoka tukampa elfu tano akaikataa, akaomba maji ya kunywa na akauliza kama tuna chaja ya simu ndogo. Sasa pampu ya kujazia hatukuwa nayo, tukaenda na tairi zile legelege spidi ishirini mpaka kijijini.

Kwahiyo beba pampu. Na chaja ya simu ndogo.

Dereva Mstaafu:
Mangi, huyo kijana hapo juu kakuchekesha lakini kasema kweli, ngoja na mimi niongezee maana barabara ile nimeila miaka mingi nikibeba wageni. Kwanza usiende masika. Makorongo yale yanaweza kuwa makavu kabisa, wewe uko juani huoni hata wingu, kumbe mvua imenyesha juu huko Ngorongoro na maji yanakuja yamebeba magogo. Ukikuta korongo limejaa zima gari, subiri, hata kama ni masaa matatu, usijifanye mjanja na wazee ndani.

Toka Moshi alfajiri sana, mpite Arusha kabla ya foleni, Kisongo, Makuyuni unakata kulia, unatokea Mto wa Mbu. Hapo kunyweni chai, jaza tanki, maji ya kunywa chukua mengi kuliko unavyodhani, kagua spea na jeki. Kisha usipande ule ukuta wa kwenda Karatu, kata kulia unaelekea kaskazini. Kuanzia hapo ukuta wa Bonde la Ufa unakuwa kushoto kwako safari nzima, Selela, Engaruka, mpaka Engaresero. Kulia utaona mlima Kitumbeine halafu Gelai, kushoto mlima Kerimasi, na nyuma ya Kerimasi ndo anajitokeza mwenyewe Ol Doinyo Lengai, amechongoka kama pia iliyopinduliwa. Simamisha gari pale mzee ashuke, asimwonee dirishani. Njiani kuna mageti ya ushuru, tunza risiti zote na uwe na hela mkononi maana mtandao ukikata utalala getini.

Wanyama utawaona bure kabisa barabarani, twiga, pundamilia, swala, mbuni. Mvua zikianza nyumbu wanatoka Tarangire wanapanda mpaka tambarare za Gelai kuzaa, kila mtu anajua nyumbu wa Serengeti lakini hawa wa kwetu hawasemwi. Ni safari ya zamani na njia zao zinazidi kubanwa na mashamba na makazi, Kwakuchinja pale, kati ya Tarangire na Manyara, ni kama mlango umebaki nusu wazi.

Joto. Ziwa liko chini sana, kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari, wewe umezoea baridi ya Kibosho. Mchana laza wazee kivulini. Ziwani nendeni asubuhi mapema au saa kumi jioni.

Binti Selela:
Jamani mi nimekwazika kidogo na hilo neno "patupu" lakini nasamehe kwasababu mangi kauliza kwa adabu. Ramani haikuonyeshi kitu kwasababu hujui cha kutafuta. Tafuta maji. Ukitoka Mto wa Mbu kuelekea kaskazini kila unapokuta kijiji kikubwa jua kuna mto unashuka kutoka juu ya ukuta. Mto wa Mbu hivohivo, Selela hivohivo, Engaruka, Engaresero. Katikati ya hapo ni ukame na mifugo, alafu ghafla unakuta migomba na mpunga.

Mto wa Mbu penyewe watu wanapita tu kununua ndizi nyekundu na vinyago wanakimbilia kreta. Zamani palikuwa pakavu, mifereji ya umwagiliaji ya miaka ya 1950 ndo ikaita watu, wakaja Warangi, Wambugwe, Wairaqw, Wachaga wenzako na mbege yao, Waha wa Kigoma wakaja na michikichi, mpaka leo unaona mchikichi umesimama shambani unajua huyu mwenye shamba babu yake katoka mbali. Bibi yangu upande wa mama alikuwa Mrangi kaolewa na Mmasai, nyumbani tulikuwa tunaongea lugha tatu na ugomvi unafanyika kwa Kiswahili. Kwahiyo ukija usiseme "nimeenda kuona Wamasai". Wapo, ndo wengi ukishatoka kwenye mashamba, lakini hatuko peke yetu.

Na mzee kama ni mtu wa migomba basi msimpitishe Engaruka bila kushuka. Kuna magofu pale chini ya ukuta, sio majumba makubwa, ukitegemea Kilwa utachukia. Ni mawe yaliyopangwa, kuta za mashamba, matuta, na mifereji, eneo la kama hekta 2,000. Watu walilima kwa kumwagilia pale tangu karne ya 15 hivi wakaja kuondoka karne ya 18. Wengine wanasema ni mababu wa Wairaqw, wengine Wasonjo maana Wasonjo mpaka leo wanamwagilia kwa mifereji na mgao wa maji ni siasa kubwa kwao. Chukueni mwenyeji wa pale awatembeze, mlipe vizuri, bila yeye mtaona mawe tu mrudi kwenye gari.

Picha: uliza kwanza. Mtu sio twiga.

Mwl wa Jiografia:
Kuhusu mlima. Ol Doinyo Lengai maana yake Mlima wa Mungu kwa Kimasai, urefu wake unakaribia mita 3,000. Upekee wake ni lava, ndiyo volkeno hai pekee duniani inayotoa lava ya aina ya kaboneti yenye sodiamu nyingi. Volkeno za kawaida lava yake inazidi nyuzi 1,000, hii ni kama 500 mpaka 600 tu, inatiririka nyepesi kama maji ya matope, mchana inaonekana nyeusi hata haing'ai, alafu ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Ndo maana wageni wanadhani kileleni kuna theluji. Salama? Kwa kuuangalia kutoka chini ndiyo, ila ni volkeno hai, ulizeni kijijini hali ikoje wiki hiyo. Julai 2007 tulitetemeshwa mpaka Arusha, mi nilikuwa darasani, watoto walitoka kabla yangu nakiri, na Septemba mlima ukaanza kurusha majivu, iliendelea mpaka 2008. Hayo majivu ndo yaliyomeza Noah ya chalii hapo juu. Kuupanda sahau na wazee, watu wanaanza usiku wa manane kukwepa jua na mteremko ni mkali vibaya.

Kuhusu flamingo, Kiswahili chake ni heroe. Jamaa yako wa kazini hajadanganya na picha pia hazijadanganya. Natron ndipo wanapozaliana karibu heroe wadogo (hiyo ni aina, sio vifaranga) wote wa Afrika Mashariki, lakini viota vyao ni vichuguu vya tope katikati ya ziwa huko, yai moja moja, kusudi fisi na mbweha wasifike. Magadi yale ya ziwani yanaunguza. Kuna mtaalamu wa ndege, Leslie Brown, miaka ya 1950 alijaribu kuvifuata viota kwa miguu, tope likamwunguza miguu akaishia kulazwa hospitali. Na hawazai kila mwaka. Maji yakizidi viota vinazama, yakipungua sana adui anatembea kwa miguu. Kwahiyo unaweza kufika ukakuta maelfu kandokando wanakula mwani, ule ule unaowapa rangi, au ukakuta wamehama wako Manyara au Kenya. Ziwa lenyewe halina njia ya kutokea, maji yanaingia kutoka mto Ewaso Ng'iro na chemchemi, yanabaki kukaukia hapo.

Mnakumbuka 2006 kulikuwa na mpango wa kiwanda cha magadi palepale Natron? Kelele zilipigwa mpaka 2008 kampuni ikajitoa. Baadaye macho yakahamia magadi ya bonde la Engaruka.

Engaresero waulizeni pia zile nyayo za binadamu kwenye majivu yaliyoganda, ziko zaidi ya 400, za maelfu ya miaka. Waliochunguza wanasema kuna kundi moja la watu 17 walitembea pamoja na wengi wao ni wanawake.

Binti Selela:
Walikuwa wanaenda kuchota maji hao 😀 nani mwingine

Mama Ndoroboni:
Samahani naingilia, hayo magadi ndo haya tunayowekea makande yaive haraka? Na mtu anaweza kununua hukohuko? Mi 2011 nilipita njia hiyohiyo kwenye kikombe cha dawa cha Babu wa Samunge kule Loliondo, tulilala njiani siku mbili magari yamefungana, vumbi mpaka kwenye meno, ziwa niliona weupe tu kwa mbali nikadhani ni ukungu.

Dereva Mstaafu:
Ndo hayohayo dada, magadi. Na pole, 2011 hata mimi nilipeleka watu, kikombe shilingi mia tano, nauli laki na zaidi.

Mangi wa Kibosho:
Wakuu tumerudi juzi usiku, nimeona nilete mrejesho maana watu humu wanauliza wanapotea.

Noah imefika na imerudi. Makorongo mawili nilitoa upepo kabla hata ya kuingia, pampu ya elfu arobaini imejilipa. Pancha moja, Selela, fundi kaziba chap. Mlima umefungwa na mawingu siku nzima ya kwanza mzee akaanza kusema tumetapeliwa, asubuhi ya pili saa kumi na mbili kasoro nikamkuta amekaa nje na blanketi, mlima uko wazi kabisa na kamoshi kembamba kileleni, hajaniamsha. Namuuliza mbona hukuniita, anasema "ulikuwa unakoroma".

Heroe: hawakuwa wengi kama kwenye tivii, labda mia tatu mpaka mia tano hivi, ila madogo hawakutaka kuondoka. Pale ukingoni ganda la magadi linavunjika chini ya kiatu kama kaukau za viazi, chini yake tope jeusi linanuka mayai viza, na viatu vya mama vimebaki na mstari mweupe mpaka leo havitoki. Ndege wale wana kelele jamani, kwenye picha husikii, ni kama bata mia tano wanabishana bei.

Sasa Engaruka. Binti Selela nakushukuru. Yule kijana mwenyeji anaeleza mambo ya karne ya 15, mzee hamsikilizi, ameinama anafuata mfereji wa mawe na fimbo yake, anapima mteremko kwa jicho, anarudi nyuma anaangalia tena. Akasema hapa walikosea kona kidogo, maji yangekula ukingo. Tukashuka mpaka kwenye mfereji unaotumika sasa hivi, wa mashamba ya wanakijiji, pana mzee mwenzake wa Kimasai anazibua majani. Wakasalimiana, baba akauliza zamu za maji mnagawanaje na anayeiba maji usiku mnamfanya nini. Walikaa hapo saa nzima na robo. Mi nikaenda kununua soda, narudi nakuta baba kakunja suruali yuko ndani ya mfereji.

Mke wangu keshauliza tutaenda lini tena na yeye. Wenye uzoefu wa Ziwa Eyasi nipeni barabara, hasa kutoka Karatu kushuka Mang'ola, nasikia vitunguu kule bei ni nzuri.