Mama ameacha sukari, sasa anatia vidonge kwenye chai: tumemsaidia au tumembadilishia tatizo?

Mwanzisha mjadala, Katuba

Ndugu zangu wa Lubumbashi, kuna jambo limeigawa nyumba yetu na naomba tulijadili wazi wazi.

Mama ana miaka 63. Huu ni mwaka wa sita anaishi na ugonjwa wa sukari, na anajidunga insulini asubuhi na jioni. Chai yake, tangu tukiwa watoto, ilikuwa ya vijiko vitano, vikombe vitatu kwa siku. Kijiko kimoja cha chai hubeba kama gramu 4. Piga hesabu: gramu 60, na bado hajala kitu. OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, ilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongeza isipite asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na kwamba ingefaa zaidi kushuka hadi 25. Mama alikuwa anaipita mipaka yote miwili kwa chai peke yake.

Mwezi wa nane dada yangu akaleta kikopo kutoka farmasi, vile vya kubonyeza juu kidonge kikadondoka chini. Watu wanaviita sukreti, yaani vidonge vya utamu usio wa sukari. Ukikitia kwenye chai kinatoa povu kidogo, kinapotea, na chai imekuwa tamu. Mama alionja, akanyamaza, kisha akasema: “Utamu wake unakawia kuja, halafu hautaki kuondoka.” Lakini kikombe alikimaliza.

Kaka yetu mkubwa alipokiona alikitupa kwenye pipa la takataka. Kwake hiyo ni kansa ndani ya kikopo. Dada akakiokota, akakipangusa, akakirudisha mezani. Tangu siku hiyo hawasalimiani vizuri.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa Mama naunga mkono. Kwa watoto wa nyumba nakataa, maana sasa dada anawanunulia ji ya poda, yaani juisi ya unga ya kukoroga na maji, iliyoandikwa “sans sucre” (bila sukari) akiamini ni afya, na wanaifakamia. Nyinyi mnaonaje? Vitu hivi vinafaa kweli kushika nafasi ya sukari?

Baba wa watatu, Ruashi

Kaka yenu ana haki, na mimi ningefanya vilevile. Mwezi wa saba mwaka 2023 kituo cha utafiti wa kansa cha OMS, kile cha Lyon, Ufaransa, kiliiweka aspartamu, utamu wa maabara, kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kuleta kansa. Hiyo aspartamu ndiyo iliyomo kwenye vidonge vingi. Na kabla yake kulikuwa na sakarini, utamu mwingine wa maabara: miaka ya 1970 panya waliolishwa sakarini waliota uvimbe kwenye kibofu, na Marekani ikalazimisha onyo kwenye bidhaa.

Mtu akiniambia kitu kimetengenezwa maabara ili kiudanganye ulimi, mimi simpi mtoto wangu. Wazee wetu walikula muwa na asali, na walifika miaka 80. Nyumbani kwangu tunatumia asali ya porini tu.

Muuguzi, Kamalondo

Papa, yote uliyosema kuhusu Lyon na kuhusu panya ni kweli, ila umeyaacha katikati ya njia.

Kundi lililowekewa aspartamu linaitwa 2B. Makundi hayo yanapima ushahidi una nguvu kiasi gani. Hayapimi hatari ni kubwa kiasi gani kwa kipimo unachokula wewe. 2B maana yake ushahidi upo lakini ni haba. Wakati uleule, kamati nyingine ya wataalamu inayopima viungio vya vyakula iliangalia jambo hilohilo na ikabakiza kikomo cha zamani: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Tuseme Mama wa Katuba ana kilo 60. Kikomo chake ni miligramu 2,400. Kidonge kimoja huwa na kama miligramu 20. Angehitaji vidonge 120 kwa siku ili akifikie.

Sasa mgeuzie mtoto wa kilo 15. Kikomo chake ni 600. Kopo moja la sukre (soda) isiyo na sukari linaweza kuwa na miligramu 200 hadi 300. Makopo mawili au matatu, mtoto amefika ukingoni. Hapa ndipo mimi naungana na mwenye mada: kipimo kisichomgusa mtu mzima kinaweza kumjaa mtoto haraka.

Kuhusu sakarini, baadaye ilionekana kwamba njia iliyoleta uvimbe kwa panya inahusu mkojo wa panya wenyewe na haimhusu binadamu. Onyo lile liliondolewa Marekani mwaka 2000.

Asali ndiyo inayonihuzunisha, Papa, na nasema kwa heshima. Wodini napokea wagonjwa waliotupa sukari miaka mingi wakahamia asali kwa imani kwamba asali ni dawa. Ukipima damu, ile mashine haiulizi kama utamu ulitoka kwa nyuki au kiwandani. Hata OMS, inaposema sukari ya kuongeza, inahesabu asali humo humo.

Na kuna kitu kinapotea kabisa kwenye ugomvi huu wa vidonge: bukari, yaani ugali. Unga wa mahindi, gramu 100, una karibu gramu 75 za wanga, na wanga huo unakuwa glukosi, yaani sukari ya damu, mwilini. Mgonjwa anatia sukreti kwenye chai, anafurahi, halafu anakaa mbele ya mlima wa bukari na sombe (majani ya muhogo) kidogo pembeni. Nikimwuliza anasema, “Docta, sukari nimeiacha.” Geuza sahani: sombe na samaki viwe vingi, bukari ikae pembeni. Hapo ndipo kipimo cha asubuhi kinaanza kushuka.

Mwanafunzi wa kemia, Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Naomba tusivitie vyote kwenye kapu moja. Sakarini iligunduliwa mwaka 1879 na ni tamu kama mara 300 kuliko sukari. Aspartamu iligunduliwa mwaka 1965, ni kama mara 200, na mwilini inavunjwa kama protini ndogo, na kipande kimoja kinachotoka humo kinaitwa fenilalanini. Ndiyo maana watoto wachache wanaozaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria, ambao mwili wao hauwezi kuvunja kipande hicho, hawaruhusiwi kuigusa, na kopo linapaswa kuonya kuhusu fenilalanini. Sukralozi ni kama mara 600, na sehemu kubwa inapita tu na kutoka. Stevia inatokana na jani la mmea wa Paraguay. Ni vitu tofauti, na mwili unavishughulikia tofauti.

Wanaounga mkono wana hoja nzuri. Mwaka 2012 Waholanzi walitoa matokeo ya jaribio la watoto 641, kila mmoja kinywaji kimoja cha mililita 250 kwa siku kwa miezi 18. Wengine walipewa cha sukari, wengine cha vitamu vya maabara, bila kujua kipi ni kipi. Waliokunywa visivyo na sukari waliongezeka uzito pungufu ya wenzao kwa karibu kilo moja. Kwa hiyo kama mtoto tayari anakunywa Fanta kila siku, mabadiliko hayo yana faida.

Lakini mwezi wa tano 2023 OMS ilitoa ushauri kwamba vitamu hivi visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito. Majaribio mafupi yanaonyesha uzito kupungua kidogo, ila tafiti zilizofuata watu kwa miaka mingi zinaonyesha watumiaji wakipata zaidi kisukari na magonjwa ya moyo. Je, vitamu ndivyo vilivyowaletea, au ni watu waliokuwa tayari wanene wakakimbilia vitamu? Ushahidi haujakata, ndiyo maana OMS yenyewe iliuita ushauri wenye masharti. Na sikilizeni vizuri: ushauri huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwa hiyo karatasi hiyo haimtaji Mama wa Katuba.

Kwa upande wangu, kinachonizuia kusema “ni afya” ni jaribio la Israeli la mwaka 2022. Watu wazima 120 wenye afya walipewa vitamu kwa wiki mbili, chini ya kikomo. Kwa waliopewa sakarini na sukralozi, mwitikio wa sukari kwenye damu ulibadilika, na bakteria wa utumbo nao. Si kwa kila mtu sawasawa. Lakini hadithi kwamba vinapita mwilini bila kugusa kitu, mimi siiamini tena.

Kijana wa Kampemba

Na maji, je? Mbona hakuna hata mmoja aliyeyataja?

Mama wa munkoyo (kinywaji cha mahindi), soko la Kenya hapa Lubumbashi

Wanangu, acheni nami niseme, juu mimi utamu ndio kazi yangu.

Munkoyo ya kweli haihitaji sukari nyingi. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe, unatia mizizi iliyopondwa. Ile mizizi inaukata uji mzito unakuwa mwepesi, na utamu unatoka ndani ya mahindi yenyewe. Siku ya kwanza ni tamu, siku ya pili inachachuka. Lakini wateja wa leo, hasa wa shule, wanataka tamu kama Fanta, basi tunaongeza sukari.

Sukari ilipopanda bei, mwenzangu mmoja akanifundisha kutia sakarini. Kipande kidogo kwa ndoo nzima, faida kubwa. Nilifanya wiki mbili. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba munkoyo ilikuwa inachachuka huku utamu umebaki palepale, kwa sababu chachu inakula sukari lakini hiyo nyingine haili. Mteja anakunywa kitu kilichoharibika bila ulimi wake kumwambia. Cha pili, uchungu unaobaki kooni. Mzee mmoja anayenunua kwangu tangu zamani alirudisha kikombe kikiwa nusu, akasema, “Mama, leo umeweka nini?” Nilishindwa kumtazama machoni.

Nikaacha. Sasa kwa ndoo natia nusu ya sukari niliyokuwa natia zamani. Mwezi wa kwanza walilalamika. Sasa hawalalamiki, ulimi umezoea. Wanangu, kama unataka kutia kitu kwenye chakula cha mtu, mwambie. Hilo ndilo langu.

Mwanzisha mjadala, Katuba

Aksanti Mama, na aksanti Docta. Kuna kitu sikukisema mwanzoni kwa sababu bado kinaniuma.

Mwezi wa kumi, lile joto la kabla ya mvua, Mama alidunga sindano yake halafu akachelewa kula kwa sababu ya wageni. Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti, jasho la baridi, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu baba. Nilijua sukari imeshuka. Nikakimbia kwenye friji nikamletea sukre, akanywa karibu chupa nzima. Tukasubiri. Hakuna kitu, akawa anazidi. Jirani yetu aliingia, akaishika chupa, akasoma, akapiga kelele: “Hii haina sukari!” Ilikuwa ile ya dada. Jirani alikoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya kama robo saa Mama aliniuliza kwa nini nalia.

Nilikuwa nimempa kitu kitamu, na mwili wake haukupata hata punje.

Muuguzi, Kamalondo

Mdogo wangu, jirani yenu apewe heshima yake. Wote mnaomtunza mtu wa insulini, andikeni ukutani: akitetemeka na kutoka jasho huku bado anaweza kumeza, mpe sukari ya kweli, kama vijiko vinne vya chai ndani ya maji, gramu 15 hivi. Pima tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini rudia. Akishatulia, ale chakula. Kama amezimia, usimtilie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mkimbize hopitali.

Na kwa kijana wa Kampemba: umeuliza swali fupi na ndilo la maana. Watoto wapewe maji. Hata sukre isiyo na sukari ina asidi, na asidi inakula meno vilevile.

Baba wa watatu, Ruashi

Docta, hili la asali nilikuwa silijui. Mke wangu alipimwa mwaka jana akaambiwa sukari iko juu kidogo, na kila asubuhi mimi mwenyewe ndiye namchotea asali. Nitampeleka apimwe tena wiki hii.

Kuhusu vidonge, bado simpi mtoto. Lakini nimeelewa kwa nini mtu ampe mama yake.

Dada, Katuba

Mimi ndiye dada anayesemwa hapa. Nimesoma yote.

Ile chupa niliiweka mimi kwenye friji na sikumwambia mtu. Hilo nimeliomba msamaha nyumbani na naliomba tena. Leo kwenye friji chupa za aina hiyo zimefungwa uzi mwekundu shingoni, na kikopo cha sukari kiko rafu moja na insulini, na kijiko ndani.

Ji ya poda niliichukua jana nikaisoma mgongoni kwa mara ya kwanza. Maandishi madogo kama chawa. E950, E951, ambazo ni namba za vitamu vya maabara, na pembeni kabisa limo neno “sucre”, sukari. Mbele wameandika haina, nyuma ipo, pamoja na vitamu viwili juu yake. Watoto wangu walikuwa wanakunywa pakiti nne kwa siku. Nimeacha kuinunua. Siku mbili za kwanza walinuna, sasa wanakunywa maji ya limau.

Lakini vidonge vya Mama siviondoi, na namwambia kaka yangu mbele ya watu wote. Wewe huishi naye. Hukumwona akisukuma kikombe cha chai isiyo na utamu na kusema heri afe. Alianza na vidonge viwili kwa kikombe, sasa anatia kimoja, na chai ya jioni anakunywa bila kitu. Kipimo chake cha asubuhi kilikuwa kinazunguka 240 (miligramu kwa desilita ya damu), wiki hii yote hakijapita 160, na najua kazi kubwa imefanywa na ile bukari tuliyoipunguza. Kikopo kiko juu ya kabati la vyombo. Jumapili ukija kula, kaa karibu na Mama umwulize mwenyewe.